Aliyesimama Mlangoni mwa Bibi Therese

Adventina ana duka la steshenari karibu na stendi ya Kayanga. Asubuhi anatoa kopi za vyeti, anachapa barua za maombi ya kazi, analaminisha vitambulisho. Wateja wakipungua mchana, anageuza kiti na kukaa mbele ya kompyuta yake ya pili, ile ya mezani ambayo hakuna mteja anayeruhusiwa kuigusa. Humo ndimo anamotengenezea michezo.

Kompyuta aliisomea Mwanza, akafanya kazi huko kidogo, kisha akarudi mama yake alipoanza kuumwa mgongo. Michezo alijifundisha mwenyewe kwa video za mtandaoni, kosa baada ya kosa. Ule aliokuwa akiutengeneza mwaka huo ulikuwa wa watoto. Msichana amepotelewa na mbuzi, anamtafuta kwenye kibanja, shamba la migomba linaloizunguka nyumba, na kila anayekutana naye lazima amsalimie kwa Kinyambo sawasawa ndipo aelekezwe alikopita mbuzi.

Kibanja chenyewe hakukibuni. Kilikuwa cha bibi yake mzaa mama, Therese, kule Nyakatuntu wilayani Kyerwa. Krismasi ya mwisho ya uhai wa bibi, Adventina alikwenda kumsalimia, akaizunguka nyumba polepole akiipiga picha kwa simu kila baada ya hatua: ukuta wa udongo, bati lenye kutu, mlango wa mbao uliokuwa wazi na giza lake ndani. Baadaye picha zile alizitia katika programu inayozishona pamoja na kutoa umbo zima, nyumba ambayo unaweza kuizungusha kwenye skrini na kuitazama kila upande. Bibi Therese alifariki miezi michache baada ya sikukuu hiyo. Ndugu walimzika kibanjani, wakaweka kufuli mlangoni, kila mmoja akarudi kwake.

Tatizo lilianza siku Adventina alipoiweka nyumba ndani ya mchezo. Msichana wa mbuzi aliweza kutembea kibanja kizima, kwenye migomba, kwenye mibuni, hadi njiani. Lakini alipoukaribia mlango wa bibi, feni za kompyuta zilianza kuvuma, picha ikaganda, skrini ikawa nyeusi. Programu nzima ilijifunga ikaacha ujumbe mmoja tu, kwamba kadi ya grafiksi, ile inayochora picha za skrini, imepotea. Akawasha upya. Msichana akatembea, akafika mlangoni, giza.

Mara ya kwanza hakuangalia sana. Baadaye alianza kuitazama ile picha inayoganda kabla ya skrini kuzimika. Ndani ya giza la mlango kulikuwa na weusi mwingine, mzito kuliko giza lenyewe. Alijiambia ni masizi ya jiko.

Alimwita Shaaban, fundi kompyuta wa mtaa wa pili, ambaye babu yake alikuja Kayanga kutoka Tanga na biashara ya vitambaa. Shaaban alifungua mashine, akatikisa kichwa.

"Dada Adve, humu mna vumbi la kutosha kupanda mahindi."

Alilipuliza vumbi, akabadilisha pesti inayopooza kadi, akafunga. Adventina akafuta draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kadi, akaweka mpya. Msichana alipofika mlangoni, skrini ikafa. Akarudisha draiva ya zamani. Ikafa. Shaaban akasema labda ni umeme wa Kayanga unaoyumba, akaleta stabilaiza yake. Ikafa vilevile. Mwishowe alichomoa kadi kwenye kompyuta ya dukani kwake, ya kampuni nyingine kabisa, akaichomeka pale. Wote wawili walikaa wakimtazama msichana akipita kati ya migomba. Alipogeukia mlango, feni zikavuma, picha ikaganda, giza likashuka.

Shaaban aliichomoa kadi yake. "Kadi mbili tofauti haziwezi kuogopa mlango mmoja," akasema.

"Unamaanisha nini, kaka Shaaban?"

"Kadi zote nzima. Mfumo wa kompyuta huipa kadi muda mfupi wa kujibu. Ikielemewa ikachelewa, mfumo unaihesabu imekufa, unaikata. Kuna kitu nyumbani kwa bibi yako kinaielemea."

"Nyumba ni udongo na bati tu."

"Basi ibomoe uone ni kipi."

Alisema akicheka, lakini Adventina aliona kwamba alipokuwa akikusanya bisibisi zake hakuipa skrini mgongo.

Siku ya pili mvua ilinyesha tangu adhuhuri na stendi ikabaki tupu. Adventina alianza kuibomoa nyumba. Aliondoa bati, akajaribu. Skrini ikafa. Akaondoa ukuta wa mbele, kisha wa nyuma. Ikafa. Akaondoa mbao za mlango, migomba, mibuni, mkeka wa kuanikia maharage. Mwisho nyumba haikuwepo tena. Palibaki uwanja mtupu na anga ya kijivu, na msichana akitembea kuelekea mahali ambapo hapo awali palikuwa na mlango. Feni zilivuma. Picha ikaganda.

Safari hii hapakuwa na giza la kukificha. Kilikuwa kimesimama peke yake katikati ya uwanja, cheusi, kirefu kama mtu, juu ya mguu mmoja.

Adventina alichomoa plagi ya umeme ukutani. Alikwenda kusimama barazani akitazama mvua.

Aliporudi hakuufungua mchezo. Alikitoa kile kipande cheusi na kukifungua katika programu ya kuchongea maumbo, inayochora polepole bila kukimbizana na muda. Hapo alikielewa upande mmoja. Programu ya kushona picha hutegemea kwamba kila kitu kimetulia. Ukuta hautikisiki, kwa hiyo ukuta hutoka safi. Kitu kinachosogea kidogo kati ya picha na picha hushonwa juu yake chenyewe, tabaka juu ya tabaka, kama maganda ya kitunguu. Kipande kile kilikuwa na matabaka mengi mno, mistari yake imebanana hadi ikawa wino mtupu. Kadi yoyote ingeelemewa kukichora. Kosa limepatikana. Lakini kosa hilo lilikuwa na maana moja tu, na Adventina alijikuta akiisema kwa sauti dukani peke yake: kilichokuwa mlangoni kilikuwa kikisogea. Kilikuwa kikipumua.

Alipunguza matabaka, moja baada ya jingine. Likatokea bega, likatokea lingine lililoshuka chini kidogo. Mkono umeshika mwimo wa mlango. Mguu mmoja. Uso haukuwepo, mahali pake palikuwa laini kama nta iliyoyeyuka.

Bibi Therese siku ile alikuwa uwanjani, nyuma ya Adventina, akichambua maharage. Na aliishi peke yake.

Mama yake Adventina, Renatha, anaishi Kihanga. Alikuja Kayanga siku ya soko, akaketi dukani kupumzisha mgongo, na Adventina akamwonyesha bila kumweleza chochote. Alitaka kusikia mtu mwingine akisema ni masizi.

Renatha alitazama muda mrefu. "Zungusha," akasema.

Adventina akalizungusha umbo.

"Mguu upo. Ameukunja, ameweka wayo gotini." Aligusa skrini kwa kidole. "Ndivyo alivyosimama siku zote, tangu akichunga ng'ombe wa baba. Tulimkataza, akawa anasahau."

"Nani, mama?"

"Placidius."

Adventina alilijua jina hilo kutoka kwenye msalaba. Placidius alikuwa kitinda mimba wa Bibi Therese, aliyekwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita Adventina akiwa shule ya msingi. Shimo la wachimbaji wadogo likaporomoka, waliotolewa wakatolewa, waliobaki wakabaki. Wenzake walileta begi lake Nyakatuntu. Familia ilisubiri, na kusubiri kulipowachosha, wakang'oa mgomba mchanga pamoja na tunguu lake la mizizini, wakauviringisha shuka jeupe na kuuzika mahali pa mwili, wakalia matanga yote mpaka mwisho.

"Picha hizi ulipiga lini?" mama yake akauliza.

"Krismasi ile, mama. Unakumbuka."

"Placidius tulikwisha kumzika."

"Mlizika mgomba."

"Tulizika mtu!" Renatha alipandisha sauti hadi mteja aliyekuwa mlangoni akarudi nyuma. "Tulimlilia mtu. Kifute hicho kitu, Adventina. Kifute sasa hivi, halafu twende kwa mchungaji."

Adventina aliweka kidole juu ya kitufe. Angebonyeza, maana aliogopa kuliko mama yake. Lakini wakati huo kumbukumbu ndogo ya siku ile ilimjia. Bibi hakumkaribisha ndani. Alimlisha uani, na kabla hawajaanza kula, alichukua sahani nyingine ya matoke akaifunika, akaingia nayo, akatoka mikono mitupu. Adventina alidhani ni chakula cha jioni. Jua lilipoelekea kuzama alimwoshea bibi vyombo, na sahani ile ilikuwa mojawapo, imeliwa hadi mwisho.

"Mama," akasema, "mzimu hauli matoke."

Renatha hakurudia kusema kifutwe.

Walikwenda Nyakatuntu siku ya Jumamosi, kwa gari aina ya Noah hadi Nkwenda, halafu bodaboda mbili. Ukungu ulikuwa haujapanda. Njiani, kabla ya kufika kibanjani, walimkuta Jovitha, jirani wa miaka yote wa Bibi Therese, amesimama na debe la maji.

"Shikamoo, mama," Adventina akamsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Mnakwenda wapi?"

"Nyumbani kwa bibi."

Jovitha aliteremsha debe. "Waitu, ndugu zangu, msiingie. Sisi hatupiti tena hapo."

"Kuna nini?" Renatha akauliza.

"Nani amewapogolea migomba?"

"Si wewe?" Renatha akashangaa.

"Mimi?" Jovitha alijishika kifua. "Sijakanyaga humo tangu tumzike mama yenu. Ingieni kama hamniamini. Hakuna jani kavu hata moja linaloning'inia. Magugu hakuna. Niliona mtu na jembe asubuhi moja, kwenye ukungu kama huu, anapalilia. Nikamwita nikidhani ni kibarua wenu. Akageuka." Alitazama upande wa kibanja. "Nilimlilia yule kijana mpaka sauti ikakauka. Simchanganyi na mtu."

Aliwaambia pia habari ya kaburi. Ule mgomba uliozikwa ulikuwa umechipuka. Bibi Therese aliuona ukitoa jani la kwanza juu ya tuta, akakataza mtu yeyote asiukate.

Wakaingia.

Kibanja kilikuwa safi kupita vibanja vyote vya jirani. Migomba ilikuwa imepogolewa, mibuni imepunguzwa matawi, nyasi za matandazo zimelazwa vizuri. Mlango wa nyumba ulikuwa na kufuli lilelile, limeota kutu. Uwanja ulikuwa umefagiwa asubuhi hiyohiyo, michirizi ya ufagio imepangana kuanzia ukutani hadi kwenye mibuni. Adventina alitafuta nyayo za mfagiaji hakuziona. Kisha akaelewa: aliyefagia alikuwa akirudi kinyumenyume, akizifuta nyayo zake kila hatua, hadi akatokomea kwenye mibuni.

Kando kulikuwa na makaburi mawili, la saruji la Bibi Therese na lile tuta lenye msalaba. Juu ya tuta ulisimama mgomba mnene, na mkungu ukining'inia.

Renatha alisimama katikati ya uwanja. "Placidius," akaita, si kwa nguvu.

Ndege walinyamaza, au labda walikuwa kimya tangu mwanzo.

"Placidius! Ni mimi, Renatha."

Mibuni ilitikisika. Mtu alitokea hadi ukingoni akasimama hapo, nusu yake ndani ya majani. Nywele zilikuwa na mvi za mapema. Alivaa koti la zamani la marehemu baba yao, miguu mitupu. Polepole, kama asiyejua anafanya nini, aliinua mguu mmoja akauweka gotini.

"Dada, usisogee," akasema. Sauti ilikwaruza kama mlango usiofunguliwa. "Mlinizika."

"Wewe ni mzima?" Renatha akauliza, na Adventina hakuwahi kumsikia mama yake akiuliza kitu kwa sauti ndogo vile.

"Sijui kwenu mnahesabuje."

Alieleza akiwa amesimama palepale. Asubuhi ya maporomoko alikuwa na homa, akaondoka machimboni kumfuata mganga wa kijiji cha mbali. Baada ya hapo alihamahama, machimbo haya hadi yale, akiona haya kurudi mikono mitupu. Siku aliporudi, alipita kwa nyuma ili amshtukize mama yake, na kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa msalaba wenye jina lake. Mama yake alipomwona alianguka. Alipozinduka alimwingiza ndani, akafunga mlango.

"Alisema kaburi likishachimbwa lazima lipate mtu. Mgomba ulilidanganya, na mgomba umechipuka, kwa hiyo bado linadai. Akasema nikionekana, mmoja wenu atakwenda mahali pangu. Nikae ndani mpaka ajue la kufanya." Akatazama tuta. "Tukazoea."

"Na sisi tulipokuja kumzika?"

"Nilikuwa humu kwenye kahawa, ninamolala hadi leo. Nilikuona umeshika shada. Nilitaka kuja." Alilivuta koti la baba yao kifuani. "Lakini mimi ndiye niliyemuua, dada. Nilitoka mchana. Alikuwa anapanda mlima na mzigo wa kuni, anahema, nikashindwa kumtazama, nikatoka njiani nikampokea. Mwezi uleule akafa."

Renatha alivuka uwanja. Adventina aliona nyayo zake zikibaki kwenye michirizi ya ufagio. Alimshika mdogo wake mkono, akaugeuzageuza, akaubonyeza kucha kama anayekagua mkono wa mtoto.

"Mama alikuwa mzee," akasema. "Alikuwa na presha. Hukumuua."

"Nimekula ndizi za hapo," Placidius akanong'ona, akionyesha tuta kwa kidevu. "Mkungu wa kwanza. Mama hakutaka kuugusa. Nilikuwa na njaa."

Mkono wa Renatha uliachia. Alirudi hatua moja, macho yamemtoka. Kwa muda Adventina alidhani mama yake atakimbia. Kisha Renatha akaushika tena ule mkono, kwa nguvu zaidi, na kuanza kulia, na Placidius naye akalia kwa namna ya mtu aliyesahau kulia hufanywaje.

Mchungaji alikuja, na wazee, na mwenyekiti wa kitongoji ambaye alitaka kumgusa kabla ya kuandika chochote. Msalaba uling'olewa. Tuta lilipofukuliwa kando ya mgomba hawakukuta shuka wala kitu, ila mizizi iliyojaa shimo lote. Waliuzungumza sana mgomba ule, ukatwe au uachwe, mpaka Placidius mwenyewe alipochukua panga akaukata. Nyumba ikafunguliwa kufuli. Leo anaishi humo, analima, anauza kahawa yake mwenyewe. Jovitha humsalimu kutoka njiani. Mkono bado hajampa, na watoto wa pale wanapomwona peke yake hubadilisha njia.

Kadi ya grafiksi haikupotea tena. Adventina alikitoa kipande kile, akaziba giza la mlango kwa kivuli chepesi cha kuchora, na msichana wa mbuzi akaingia na kutoka apendavyo. Watoto wa shule ya Jumapili walikuja dukani kuujaribu mchezo, wakagombania kiti.

Placidius alikuja Kayanga mara ya kwanza wakati wa mavuno ya kahawa. Aliketi dukani na chai, akatazama kibanja cha mama yake kwenye skrini bila kusema mengi. Adventina ndiye aliyemwambia jinsi alivyopatikana, kwamba siku ile ya Krismasi alisimama mlangoni akimtazama akipiga picha, na kusimama kwake ndiko kulikoangusha mashine mara zote zile.

Placidius aliweka kikombe chini.

"Siku ile sikuwa mlangoni," akasema.

"Ulikuwepo, mjomba. Ninalo umbo lako."

"Siku ile nilikuwa na homa. Nililala chumba cha nyuma, blanketi hadi kichwani. Mama aliniletea chakula nikala nimeegemea ukuta. Nilikusikia tu ukizunguka nyumba, hatua, unasimama, hatua, unasimama. Sikuinuka."

Adventina alicheka kidogo ili naye acheke. Placidius hakucheka.

Alipomsimulia mama yake, Renatha alisema homa humsahaulisha mtu hata jina lake, na mazungumzo yakaishia hapo. Shaaban alisema mashine hudanganya, hiyo ndiyo kazi inayomlisha. Pengine wote wako sahihi. Adventina hakukifungua tena kile kipande wala hakukifuta. Kipo kwenye diski, kwenye droo ya chini, chini ya mabunda ya karatasi. Sasa ameanza mchezo mwingine, wa mvuvi na kiboko wa Mto Kagera, na maji yote anayachora mwenyewe kwa mkono, picha hapigi tena.